Presha 150/94: rosela na mazoezi, kiasi gani na kwa muda gani?

Mtoto_wa_Muheza
Wakuu habari za humu, wakubwa shikamooni. Mama ana miaka 58, kilo 79. Wiki mbili hizi presha inacheza kati ya 146/90 na 154/96. Anameza amlodipini (dawa ya presha) ya miligramu 5 kila asubuhi, sukari iko sawa. Kliniki kaambiwa apunguze chumvi na afanye mazoezi, basi, kiasi hakikutajwa. Majirani nao kila mmoja na lake: rosela (choya), kitunguu saumu kabla ya kula, mizizi ya mlonge. Naomba mwenye kujua aniwekee vipimo, na mazoezi ambayo mtu anayeumwa magoti anayaweza. Akianza rosela, vidonge aache?

Pima_Kwanza
Vidonge asiache. Hilo halina mjadala.

Halafu hakikisha hizo namba ni za kweli. Akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, asikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, awe ameshakwenda haja ndogo. Kahawa iwe imepita nusu saa. Mkanda wa mashine ya kupimia ukae kwenye ngozi, si juu ya gauni. Kosa ninaloliona zaidi ni mkanda mdogo kwenye mkono mnene: unapandisha namba kwa uongo. Chukua futi ya fundi cherehani, pima katikati ya mkono wa juu. Ikizidi sentimita 32, mkanda wa kawaida haumfai, atafutiwe mkubwa.

Apime asubuhi kabla ya dawa na jioni, kila safari mara mbili kwa kuachia dakika moja, siku saba. Za siku ya kwanza zitupe, zilizobaki tafuta wastani. Kwa vipimo vya nyumbani, 135/85 kwenda juu ni presha. Namba zote aziandike kwenye karatasi aende nayo kliniki, maana miligramu 5 si mwisho wa amlodipini na daktari anaweza pia kuongeza dawa ya aina nyingine.

Swali: hayo magoti anayatuliza kwa dawa gani?

Choya_Bila_Sukari
Rosela inashusha, lakini kidogo. Kuna jaribio la Marekani lililochapishwa 2010, kwa watu wenye presha ndogo kuliko ya mama na wasiotumia dawa: vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja mililita 240 za maji yaliyochemka na gramu 1.25 za rosela kavu, wiki 6. Namba ya juu ilishuka kama 7; waliopewa kinywaji cha kuigiza, kisicho na rosela, walishuka kama 1. Kwa hiyo usitegemee itoe 154 iweke 120.

Huna mizani ya jikoni? Vikombe vitatu ni gramu 3.75 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya gramu 100 inakwenda siku 26 hivi. Ikiisha kwa wiki moja, anazidisha. Mimina maji ya moto juu yake, funika dakika sita, chuja. Tumia birika la chuma kisichoshika kutu au chombo cha kauri, si sufuria ya aluminiamu, kwa sababu uchachu wa rosela unaila. Baada ya kunywa asukutue kwa maji matupu, meno yapone.

Na iwe bila sukari! Juisi ya choya ya mtaani mara nyingi ni sharubati tu yenye rangi nzuri, na kwa mtu wa kilo 79 hiyo ni kuongeza mzigo.

Kitunguu saumu kwenye mchuzi hakina neno. Cha kumeza kwa wingi ni hatari kwa anayetumia aspirini au wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), damu inachelewa kuganda. Mlonge ale majani kama mboga. Mizizi aachane nayo, ina sumu inayogusa mishipa ya fahamu. Na mjamzito anayesoma hapa, rosela ya kila siku si yako.

Raba_na_Barabara
Lengo ni dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwendo wenyewe ni hatua kama 100 kwa dakika: anaweza kuongea lakini kuimba kunamshinda. Aanze na dakika kumi asubuhi na kumi jioni, kila wiki aongeze tano. Avae raba, si kandambili, na atafute njia tambarare. Mteremko ndio unaoyatesa magoti kuliko mlima. Goti likiuma zaidi kesho yake asubuhi, alizidisha: arudi kwenye dakika za wiki iliyopita.

Watu husahau mazoezi ya kukaza bila kusogea, nayo yanashusha presha vizuri. Yanayojulikana zaidi ni kuegemea ukuta kama aliyekaa kwenye kiti hewani, ila kwa magoti hayo ningemwanzishia mkono. Akunje taulo ndogo, aiminye kwa kama theluthi ya nguvu zake, dakika mbili, apumzike dakika mbili, jumla mara nne, siku tatu kwa wiki. Wanaoharibu ni wale wanaobana pumzi: presha inaruka palepale. Dawa yake ni kuhesabu kwa sauti. Siku ambayo mashine imesoma 180/110 au zaidi, hakuna mazoezi.

Jiko_la_Pwani
Mnaongelea rosela na chumvi bado iko mezani. Kiwango ni gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo kuna chumvi ya mkate, ya mchemraba wa supu, ya kila kitu. Nachukua hesabu ya pakiti ya hapo juu: watu wanne, nusu kilo ya chumvi isiishe kabla ya siku 25.

Kinachowaponyoka wengi ni magadi. Mtu anapunguza chumvi kwenye maharage halafu anatia magadi yaive haraka, na magadi ni sodiamu vilevile. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, chemsha bila magadi. Papa wa ng'onda naye alowekwe usiku, maji yabadilishwe mara mbili, na bado awe wa siku moja moja. Ladha itafutwe kwenye ndimu, tangawizi na bizari.

Mtoto_wa_Muheza
Asanteni sana. @Pima_Kwanza, magoti anatumia vidonge vya maumivu vya diklofenaki vya kununua mwenyewe, mara mbili kwa siku, karibu kila siku.

Pima_Kwanza
Basi anzia hapo, mkuu. Diklofenaki inazuia mwili kutoa chumvi na maji, inapandisha presha na kuchosha figo. Ibuprofeni ni ndugu yake. Amweleze daktari au mfamasia wiki hii. Kwa kawaida watajaribu ya kupaka gotini, ambayo huingia kidogo sana kwenye damu, au parasetamoli kwa kipimo. Akishaacha vidonge vya diklofenaki (si vya presha), rudia zile siku saba za kupima ndipo mwanzishe rosela, vinginevyo hamtajua kilichoshusha ni kipi. Na ikifika 180/120 pamoja na kifua kubana, kukosa pumzi, mdomo kupinda au mkono kulegea, ni hospitali saa hiyohiyo, msisubiri kupima tena.