Mlioitazama filamu ya pweza, mliionaje?

Swali: Jamani, jana usiku nimemaliza My Octopus Teacher, ile ya Afrika Kusini iliyopata Oscar mwaka 2021. Marehemu baba alikuwa mvuvi hapa Likoni. Pweza kwetu ni supu. Lakini yule wa filamu alipojifunika makombe na vijiwe mwili mzima papa asimwone, kisha akampanda mgongoni, nikamwamsha mke wangu aje aone! Leo supu haikupita kooni. Nyinyi je?

Jibu: Kaka, mimi nililia alipotaga mayai akadhoofika mpaka akafa. Ila papa alipomng'oa mkono, yule bwana mpiga mbizi aliyekuwa akimrekodi mbona hakumwokoa? Sijamsamehe.

Mwuliza: Dada, lakini ule mkono uliota tena. Ulianza kijimkono kidogo sana. Rudia pale.

Jibu: Naitafuta leo, inshallah.