Seva ya mafaili inakwama asubuhi: tuweke SSD, tununue NAS au tuhamie kwenye wingu?

Karani_wa_Seva

Wakuu, naomba mnisaidie kulinganisha. Ofisi ni ya uhasibu, kompyuta 18, ghorofa mbili. Seva ni moja ya mnara: Windows Server 2019, RAM GB 32, diski 4 za TB 4 za mizunguko 7,200, RAID 5 kwenye kadi (diski zinafanya kazi kama moja, na moja ikifa data inabaki). Data imefika TB 5: QuickBooks (faili kubwa kuliko yote lina MB 900), Excel nyingi, na PDF za risiti na mikataba zilizoskaniwa tangu 2014. Swichi ni ya gigabiti, milango 24. Bekapu ni skripti ya xcopy inayonakili kila kitu kwenda diski ya USB kila siku kuanzia saa 2 usiku.

Dalili: kuanzia saa 2 hadi karibu saa 4 asubuhi, Excel ya kawaida inachukua sekunde 20 hadi 30 kufunguka. Baadaye hali inapoa, lakini kuhifadhi bado ni kuzito siku nzima. Kompyuta kadhaa zinanakili GB 1 kwa dakika moja na nusu wakati wowote, hata ofisi ikiwa tupu. Nyingine zinamaliza kwa sekunde 10 hivi.

Mezani kuna njia tatu: (A) SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ndani ya seva hii hii, (B) NAS mpya (boksi la diski linalounganishwa kwenye mtandao) ya diski 4, (C) kuhamishia kila kitu OneDrive na SharePoint. Mngechagua ipi, na kwa nini?

Jozi_Nne

Mkuu, kabla ya A, B au C, rudi kwenye hiyo dakika moja na nusu. GB 1 kwa sekunde 90 ni MB 11 kwa sekunde, na hiyo ndiyo kasi ya kiungo cha megabiti 100. Gigabiti yenye afya inapitisha MB 110 hivi kwa sekunde. Hizo kompyuta zinaongea na swichi kwa kasi ya zamani, na hakuna SSD wala NAS itakayozisaidia.

Kwenye kila kompyuta fungua PowerShell uandike `Get-NetAdapter`, kisha soma safu ya LinkSpeed. Ukikuta 100 Mbps, angalia mambo matatu kwa mpangilio huu.

Kwanza, simu ya mezani ya IP. Ofisi nyingi waya unatoka ukutani unaingia kwenye simu, halafu simu inailisha kompyuta. Simu nyingi za bei ya chini zina mlango wa megabiti 100 tu. Tenganisha: simu na kompyuta kila moja iwe na waya wake hadi kwenye swichi. Ukiamua kuweka swichi ndogo mezani, kumbuka kwamba simu inayopata umeme kupitia waya wa mtandao itazima, kwa hiyo uwe na adapta yake.

Pili, vichwa vya RJ45, yaani plagi za mwisho wa kebo ya mtandao. Megabiti 100 inahitaji jozi mbili za waya, gigabiti inahitaji zote nne. Uzi mmoja wa bluu au wa kahawia ukikatika, kompyuta haikati mtandao, inashuka kimya kimya hadi 100. Ndiyo maana tatizo hili linakaa miaka bila kuonekana. Kata kichwa, bana upya kwa mpangilio wa rangi wa T568B pande zote mbili, pima kwa testa nyaya zote nane.

Tatu, kebo yenyewe. Madukani kuna kebo nyingi za aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwarua uzi kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo si shaba. Inakatika kirahisi kwenye kichwa na inapoteza nguvu zaidi kwa umbali.

Ukimaliza, pima mtandao peke yake bila kugusa diski, kwa programu ya iperf3. Kwenye seva `iperf3 -s`, kwenye kompyuta `iperf3 -c` ikifuatiwa na anwani ya IP ya seva, halafu rudia ukiongeza `-R` kupima upande wa pili. Ukipata megabiti 930 hadi 940 pande zote, mtandao umeondoka kwenye orodha ya washukiwa.

Mizunguko7200

Naungana na Jozi_Nne kwa hizo kompyuta chache. Lakini asubuhi kukwama kwa wote ni diski, na hesabu ya bekapu inaeleza karibu yote. TB 5 kwenda diski ya USB kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, tena hiyo ni kasi ya kubahatika, ni sekunde 50,000, yaani karibu saa 14. Ukianza saa 2 usiku unamaliza karibu saa 4 asubuhi. Saa hiyo hiyo uliyoandika kwamba hali inapoa.

Kwa nini bekapu moja ilemee ofisi nzima? Kwa sababu diski ya mizunguko 7,200 ina mkono mmoja. Kichwa kinasogea kwa wastani wa milisekunde 8 hivi, kisha kinasubiri nusu mzunguko, milisekunde 4.2. Jumla 12, maana yake maombi kama 80 kwa sekunde kwa diski. Diski zako nne zinatoa takribani 320 za kusoma. Kuandika ni kuchungu zaidi: kwenye RAID 5 kila andiko dogo linadai kusoma data ya zamani, kusoma pariti ya zamani (data ya kinga inayotumika diski moja ikifa), kuandika data mpya na kuandika pariti mpya. Kazi nne kwa andiko moja, kwa hiyo 320 inabaki 80. Bekapu ikiwa inasoma mfululizo na watu 18 wanaomba vipande vidogo huku na kule, vichwa vinashinda vikikimbizana.

Usiniamini kwa maneno. Pima saa 3 asubuhi na saa 8 mchana, saa moja kila mara:

`Get-Counter '\PhysicalDisk(*)\Avg. Disk sec/Read','\PhysicalDisk(*)\Avg. Disk sec/Write' -SampleInterval 5 -MaxSamples 720`

Majibu yanatoka kwa sekunde, kwa hiyo 0.010 ni milisekunde 10. Chini ya 15 ni sawa, juu ya 25 kwa muda mrefu watu wanaanza kulalamika.

Jambo jingine: fungua programu ya kadi ya RAID uangalie betri. Betri ikifa, kadi nyingi zinahama zenyewe kutoka WriteBack kwenda WriteThrough. Badala ya kupokea andiko kwenye kumbukumbu yake na kujibu papo hapo, kadi inasubiri diski zote zimalize. Kuhifadhi kuzito siku nzima kunanukia hivyo.

Karani_wa_Seva

Shukrani wakuu. Vipimo hivi hapa.

Kompyuta 6 kati ya 18 ziko megabiti 100: nne ziko nyuma ya simu, mbili vichwa vibovu. Zilizobaki iperf3 inatoa 935 na zaidi.

Diski saa 3 asubuhi: kusoma milisekunde 48, kuandika 110. Saa 8 mchana: kusoma 12, kuandika 38. Kadi ya RAID inasema betri imekufa na sera ni WriteThrough. Na kweli, leo xcopy ilimaliza saa 3:50 asubuhi.

Swali langu bado lipo: nikirekebisha haya, A, B au C?

Mlinda_Bekapu

Kabla hujanunua chochote, hiyo xcopy iondoke leo, kwa sababu mbili na ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Ya kwanza ni kasi, imeshaelezwa. Ya pili: xcopy haiwezi kunakili faili lililofunguliwa na programu inayolifunga. Kama kuna mtu anaacha QuickBooks wazi usiku, faili lenu la MB 900 huenda halimo kwenye bekapu kabisa. Chomeka ile diski ya USB uangalie tarehe ya faili hilo, leo hii.

Weka Windows Server Backup, imo ndani ya Windows Server, unaiongeza kwenye Features. Ipe diski ya USB iwe yake peke yake, itaiformati, kwa hiyo tumia diski nyingine kwanza na ile ya sasa ibaki salama. Inatumia VSS, huduma ya Windows inayopiga picha ya diski ilivyo wakati huo, kwa hiyo inapata hata mafaili yaliyo wazi, na baada ya mara ya kwanza inaandika mabadiliko tu. Usiielekeze kwenye folda ya mtandao: huko inabaki nakala moja tu, na kila mara inaandikwa juu ya ile ya jana.

Wengine watakwambia robocopy, amri nyingine ya Windows ya kunakili, yenye /MIR. Inafanya kazi haraka, lakini /MIR inafuta upande wa pili kila kilichofutwa upande wa kwanza. Virusi vya kufunga mafaili vikipita usiku, asubuhi bekapu nayo imefungwa. Kuwa na diski mbili za kubadilishana, moja ikae nje ya jengo.

Sanduku_la_NAS

Mimi ni mtu wa NAS, lakini hapa siwezi kuitetea B kama ilivyoandikwa. NAS ya diski 4 za mizunguko 7,200 ina vichwa vilevile na maombi yaleyale 80 kwa diski. Ungelipia boksi jipya lenye ugonjwa wa zamani.

Pia kuna mtego wa diski za SMR, zile zinazoandika njia zikilaliana kama vigae vya paa. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 hadi 6 zilikuwa za aina hiyo, na ndipo jina WD Red Plus likatumika kwa zile za CMR, ambazo njia zake hazilaliani. SMR ndani ya RAID inakuwa nzuri siku za mwanzo, kisha diski moja ikifa, kujenga upya kunaweza kuchukua siku nyingi. Soma namba kamili ya modeli kabla ya kulipa.

Na muuzaji akikwambia ufunge milango miwili ya NAS iwe "gigabiti 2", elewa kwamba kompyuta moja inayonakili faili moja itaendelea kupata gigabiti 1. Faida inaonekana watu wengi wakivuta kwa pamoja.

NAS inashinda pale ambapo hamna Windows Server na hamtaki kununua leseni za kila mtumiaji, au mnataka nakala za muda za folda ambazo mtu anazirudisha mwenyewe. Nyinyi leseni mnazo. Halafu QuickBooks ya watu wengi inataka Database Server Manager ikae kwenye mashine yenye faili, na NAS ya kawaida haina pa kuisakinisha. Kwa ofisi hii, B ifae kupokea bekapu tu.

Kebo_ya_Bahari

Mimi nizungumzie C. Kwa TB 5 haikai. SharePoint inawapa shirika TB 1 na nyongeza ya GB 10 kwa kila leseni: kwa watu 18 ni TB 1.18. Nafasi ya ziada inauzwa kwa mwezi, milele. Kupakia nako: kwa laini ya megabiti 20 za kupandisha, TB 5 ni sekunde milioni 2, siku 23 mchana na usiku bila kukatika. Microsoft pia wanashauri usisawazishe zaidi ya mafaili 300,000 kwa kompyuta moja, na PDF tangu 2014 zinaweza kuvuka hapo.

Faili la QuickBooks lisiingie OneDrive hata kwa majaribio. OneDrive inasawazisha nakala, haisimamii kufuli za watu watano wanaoandika pamoja. Utaishia na nakala mbili zenye miamala tofauti.

Mtakumbuka pia Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba. Seva ya ndani inaendelea kufungua Excel siku kama hiyo.

Kitu ambacho wingu linakifanya vizuri ni Excel ambazo watu watatu wanazijaza kwa wakati mmoja. Hizo, GB chache, zipelekeni.

Mizunguko7200

Kwa vipimo hivi basi ni A, lakini kwa mpangilio. Wiki ya kwanza: simu na vichwa vya waya, bekapu mpya, betri ya kadi. Betri mpya inachukua saa kadhaa kujichaji na kujipima, WriteBack hairudi hapo hapo. Kuna kitufe cha kulazimisha WriteBack bila betri. Usikiguse, maana umeme ukikatika katikati ya andiko unapoteza data ambayo Windows inaamini imeshaandikwa, na UPS ya seva haikusaidii kama chanzo cha umeme cha seva yenyewe ndicho kilichoungua.

Pima tena. Nategemea kusoma kubaki kama 12 siku nzima na kuandika kushuka sana. Hapo huenda wengi wakanyamaza na SSD ikasubiri bajeti ijayo.

Mkinunua, msihamishe TB 5 zote. PDF za 2014 hazina haraka. Tafuta mafaili yaliyobadilika ndani ya miezi 18, mara nyingi hayafiki TB 1. Nunua SSD mbili za SATA za daraja la seva, TB 1.92 kila moja, zenye kinga ya umeme kukatika, uzifunge RAID 1, yaani kila moja iwe nakala ya mwenzake. Za kompyuta za nyumbani, hasa za QLC (zinazobana biti nne kwenye seli moja), zinakwenda kasi hadi kache yake ijae, kisha zinashuka vibaya. Hakikisha kadi yako inazikubali na kwamba kuna trei tupu.

Kuhama: Jumatano usiku endesha `robocopy D:\Kazi F:\Kazi /E /COPYALL /B /MT:16 /R:1 /W:1 /LOG:C:\hama.txt`. Usisahau /R na /W, la sivyo faili moja lililofungwa litajaribiwa mara milioni moja kwa kusubiri sekunde 30 kila mara. Jumamosi jioni, watu wote wakiwa nje, irudie, itachukua yaliyobadilika tu. Robocopy inahamisha ruhusa za folda lakini haihamishi ruhusa za ushirikishaji. Hizo zipo kwenye rejista, `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\LanmanServer\Shares`. Zitoe kama faili la .reg kwanza, kisha badilisha njia ya D: iwe F:. Jina la folda inayoshirikiwa (share) likibaki lilelile, viungo vya Excel havikatiki.

Jozi_Nne

Nyongeza ndogo kwa Karani: kwenye QuickBooks za kompyuta za watu, zima hosting ya watumiaji wengi (kazi ya kuwahudumia wengine faili), ibaki kwenye seva peke yake. Na kwenye antivirusi ya seva, omba iruke faili la QuickBooks (.qbw) na folda ya bekapu wakati wa ukaguzi wa papo kwa papo, huku ukaguzi wa usiku ukibaki kamili.

Karani_wa_Seva

Nimechomeka ile diski ya USB. Faili la QuickBooks lililomo ni la tarehe 3 mwezi uliopita. Naanza na bekapu leo, nyaya kesho, na vipimo vya betri mpya nitaviweka hapa.