Kukodi mashua ya tanga Karibi mwezi wa pili: BVI, Grenadines au Martinique?

MpwaniToronto:
Habari zenu wadau. Mwakani mwezi wa pili tunataka kukodi mashua ya tanga wiki nzima kule Karibi. Tuko sita: mimi na mume wangu, watoto wawili (miaka 9 na 12), na shemeji yangu na mkewe watakaotoka Nairobi. Mume wangu ana cheti cha unahodha alichosomea hapa Ziwa Ontario, sisi wengine ni abiria tu. Nimebaki na chaguo tatu: Visiwa vya Virgin vya Uingereza (BVI) kuanzia Tortola, Grenadines kuanzia St Vincent, au Martinique. Kwa bei nilizoletewa, Martinique ndiyo nafuu. Nyinyi mngekwenda wapi?

NahodhaKilindini:
BVI, wala usihangaike. Visiwa vimejipanga kandokando ya mlangobahari wa Sir Francis Drake, kimoja unakiona ukiwa kingine, na safari nyingi ni saa moja au mbili tu. Upepo unatoka mashariki, noti (maili za bahari kwa saa) 15 hadi 20, na mawimbi ya Atlantiki yanakingwa na visiwa vyenyewe. Mpite visiwa vya Norman na Cooper, halafu The Baths, ile miamba mikubwa ya pwani ya kisiwa cha Virgin Gorda, ila hapo mfike mapema kabla maboya ya kufungia mashua hayajaisha. Anegada iacheni kwanza. Ni kisiwa cha matumbawe, bapa, unaona miti kabla ya kuona ardhi, na mwamba wake umeenda mbali sana baharini.

Na mwambie bwana jambo hili, maana wa Ziwa Ontario hulijua na sisi wa pwani hulisahau. Mombasa maji yanapwa na kujaa mita tatu na ushei. Ukipanda fungu unapika chai, maji yakijaa unaondoka. Karibi sehemu nyingi tofauti haifiki hata nusu mita. Ukikwama, hakuna bamvua itakayokuja kukunyanyua.

BintiShela:
Mzee Nahodha shikamoo, lakini hapa nakupinga. BVI mwezi wa pili ni stendi ya matatu saa kumi na mbili jioni! Maboya mengine yanawekewa nafasi kwa simu saa moja kamili asubuhi ya siku hiyohiyo, ukichelewa dakika chache yameisha, na kila usiku wa boya ni dola 40 au zaidi. Mtu amekwenda likizo anaamka kugombea maegesho.

Grenadines ndiyo bahari. Kutoka St Vincent hadi Bequia ni maili tisa hivi, tanga limejaa njia nzima. Ukiteremka zaidi kusini unafika Tobago Cays, visiwa vitano visivyo na watu, unatia nanga nyuma ya mwamba na mbele yako ni Atlantiki tupu, mawimbi yanavunjikia kule wewe umetulia. Pale Baradal, kimoja cha visiwa hivyo, kasa wanakula majani ya bahari chini ya miguu yako. Mchana vijana wanakuja na boti kuchukua oda ya kambakoche, jioni wanakupikia ufukweni kwenye kisiwa jirani cha Petit Bateau. Patana bei kabisa kabla, na uulize kama wali umo.

Kusi_Muscat:
BintiShela umeeleza vizuri, ila umeruka hizo maili tisa zenyewe. Mlango ule una mkondo, na mawimbi yanaingia moja kwa moja kutoka Atlantiki. Mtoto wa miaka 9 bahari ikimlevya siku ya kwanza, wiki nzima hataki kusikia habari ya mashua. Tena kimbunga Beryl tarehe 1 Julai 2024 kilipiga vibaya sana Union Island na Carriacou, visiwa vya huko huko Grenadines. Kampuni iwaambie wazi ni huduma gani zinafanya kazi sasa hivi, msitegemee picha za zamani.

MamboYaViza:
Mnabishania mawimbi na hamjauliza pasipoti! Shemeji zako wana viza ipi? Martinique ni Ufaransa, lakini viza ya kawaida ya Schengen (ile ya nchi za Ulaya) haiwafikishi huko, inatakiwa iliyoandikwa kwa maeneo ya Ufaransa ya ng'ambo. Na tiketi ikipitia Miami au San Juan, kubadilisha ndege tu kunadai viza ya Marekani. Hata mkiwa BVI, kisiwa cha St John kinachoonekana pale ng'ambo ni Marekani, msivuke kwa mazoea.

MpwaniToronto:
Asanteni sana. Nimempigia shemeji, ana Schengen tu. Basi Martinique naifuta. Nimegusia pia habari ya kukodi nahodha, mume wangu kanuna hadi sasa. 😂

NahodhaKilindini:
Mwambie anuna bure. Akipelekwa Grenadines na watoto, achukue nahodha wa kulekule, anajua mikondo na anajua wapi nanga inashika. Hesabu yake ni hii: analipwa kwa siku, analishwa, na anahitaji pa kulala. Sita wenu mkilala wawiliwawili ni vyumba vitatu, kwa hiyo tafuteni mashua ya vyumba vinne. BVI anaweza kuendesha mwenyewe kama kampuni itaridhika na rekodi yake ya safari.

Chukueni katamarani, mashua ya maumbo mawili. Ni ghali kwa mbali, lakini hailali upande, na chini ya maji inazama kama mita moja na robo tu, wakati mashua ya umbo moja hufika mbili. Halafu mjizoeze kushika boya: aliye omoni (mbele ya mashua) ananyoosha mkono kuonyesha liliko, maana wa usukani halioni likishakaribia. Mashua inaelekezwa kwenye upepo, pole pole, mti wenye kulabu unanasa kamba, mnapitisha kamba yenu. Likiwapita msilikimbilie, zungukeni upya.

BintiShela:
Haya, BVI na watoto nimekubali. Ila shemeji asije na viatu vya soli nyeusi, vinachafua sitaha, watamvulisha gatini.