Kichanga analia, nikimpa ziwa analikataa

MamaKwanza: Mwanangu ana wiki 3. Akilia nampa ziwa, lakini anajinyonganyonga na kulikataa. Nakosea wapi?

Mkunga_Tanga: Dada, kilio ni dalili ya mwisho ya njaa. Kabla yake hulamba midomo, hugeuza kichwa akitafuta chuchu, hupeleka ngumi kinywani. Mpe hapo hapo. Akilia sana ulimi huinuka, hashiki ziwa vizuri. Mtulize kwanza kifuani, ngozi kwa ngozi. Kwa saa 24 hunyonya mara 8 hadi 12.

Mlezi_Nakuru: Akikwepa macho, akipiga miayo na kutanua vidole, amechoka. Punguza mwanga na kelele.

Mkunga_Tanga: Akikataa kabisa kunyonya, akalegea, au joto la kwapani likafika 37.5, mpeleke kituo cha afya bila kungoja kesho.