Mnatuuzia safari ya Mnemba "inafaa kwa familia" halafu hakuna hata jaketi moja la mtoto!

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kuna biashara inaendelea ufukweni Zanzibar, hasa kaskazini kuanzia Nungwi na Kendwa mpaka Matemwe, ya kuuza safari za boti kwenda kuogelea na miwani kwenye matumbawe ya kisiwa kidogo cha Mnemba. Kila bango na kila picha inayotumwa WhatsApp imeandikwa "inafaa kwa familia". Naomba yeyote aliyemo kwenye biashara hiyo anijibu hapa: inafaa kwa kigezo gani?

Nianze na jaketi okozi. Mwanangu wa mwisho ana miaka mitano. Kabla ya kutoa hata shilingi tuliuliza, mimi na baba yao, kwa Kiswahili kilichonyooka: jaketi la saizi ya mtoto lipo? "Yapo dada, ya saizi zote, usihofu." Boti imeshatoka ufukweni ndipo kijana anafunua sanduku chini ya benchi na kutoa la mtu mzima. Limepauka, kifungo cha plastiki kimekatika, na mahali pake pamefungwa kamba ya nailoni, fundo juu ya fundo. Nikamvalisha mwanangu, mabega ya jaketi yakamfika masikioni. Nikalishika kwa juu nikalivuta kidogo tu, likamtoka lote kichwani. Hapo amekaa kwenye benchi, hajagusa maji. Baharini jaketi lingebaki linaelea na mtoto angekuwa chini yake.

Jaketi la mtoto linapimwa kwa uzito wake. Linatakiwa liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu ili lisipande juu, na kwa wadogo liwe na kola ya kushika kichwa uso utazame juu. Hicho ndicho kitu cha kwanza kuwa nacho kabla hujaandika neno familia kwenye bango lako.

Nahodha akaniambia, "Dada, huyu atashikwa na kijana wetu, anajua kazi." Kijana mwenyewe alikuwa mmoja. Huyo huyo atupe nanga, agawe miwani na mapezi, awaongoze wageni wote majini, na mwanangu amshike saa ngapi? Tukakataa kushuka. Nikakaa na watoto juu ya boti, turubai limefunika upande wa mbele peke yake, huku nyuma kuna madumu ya petroli na beseni la matunda vimewekwa pamoja. Mkubwa akatapika kwa harufu ile.

Sasa linaloniumiza zaidi. Uliyemlipa siye mwenye boti. Papasi, yaani dalali wa ufukweni, anakuuzia, anakukabidhi kwa mwenzake, mwenzake anatafuta boti yenye nafasi, na ukipanda unakuta familia nyingine ambazo nazo ziliahidiwa boti ya peke yao. Tulivyoulizana bei, kila mmoja alilipa yake. Tuliambiwa pia ada ya hifadhi imo ndani, njiani tukadaiwa upya, na risiti hakuna. Ukilalamika, nahodha anakwambia yeye amepewa watu tu. Ukirudi kwa papasi anakwambia mambo ya boti muulize nahodha. Hela imegawanywa tangu asubuhi, hakuna wa kuirudisha. Je, mtoto angezama, nani kati yao angesimama mbele ya polisi akasema huyu nilimchukua mimi?

Najua watakuja wa kusema watu wa bara waoga, mbona watoto wa Nungwi wanaogelea toka wadogo. Mtoto wa Nungwi amekua na bahari mlangoni, wangu amekulia Tabata, na nililipa nikijua hivyo na wao nikawaambia hivyo. Tena hapa si mahali pa kumwona mtu mwoga kwa kuuliza jaketi. Meli ya abiria MV Spice Islander ilizama Septemba 2011, MV Skagit ikazama Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe, katika msimu wa kusi, ule upepo mkali wa kusini. Watu bado wana makaburi ya ndugu zao wa siku zile, na wengine hata kaburi hawana.

Na hilo la msimu nalo linafichwa. Sisi wa bara tunakwenda watoto wakifunga shule, Juni na Julai, ambapo kusi ndiyo imeshika. Mkondo wa kuvuka kwenda Mnemba unachafuka, boti inapiga mawimbi njia nzima. Papasi analijua hilo kuliko mimi na wewe, ila atakwambia bahari shwari. Kaskazi, upepo wa kaskazini wa Desemba hadi Februari, ni habari nyingine, ingawa nayo ina siku zake za upepo.

Kingine ni saa ya maji. Ukiona mtu anauza safari inayoondoka saa tatu asubuhi kila siku ya Mungu, jua hatazami maji, anatazama mauzo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa na kupwa kuliko kawaida, na Unguja siku za bamvua maji hukauka kama saa nne asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa inafika karibu mita nne. Boti zinakaa mbali, unavuka kwa miguu kwenye majani na mawe umebeba mtoto, na maji yakianza kurudi yanavuta kwa nguvu pembezoni mwa mwamba. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji yanakuwa yamejaa mida hiyo hiyo ya asubuhi na mvuto ni mdogo. Hizo ndizo siku za kumpeleka mtoto. Mvuvi yeyote pale ufukweni atakutajia bila kuangalia simu. Kwa nini mzazi anayelipa haambiwi?

Halafu pomboo. Boti zikiona pomboo zinawakimbilia zote, zinawazunguka, na manahodha wanapiga kelele "rukeni, rukeni!" Nimeona watoto wa watu wakisukumwa kwenye kina kirefu huku injini zinanguruma pande zote na rafadha zinazunguka. Pomboo wenyewe wanateswa. Kijana mwingine alikuwa anatoa viti vya pweza majini watoto wapige navyo picha, vinakaa juani mpaka vinakauka, wakati mahali penyewe ni hifadhi.

Kwa mtazamo wangu, mwenye mtoto chini ya miaka minane asidanganywe na Mnemba. Kisiwa cha Changuu ni kama nusu saa kwa boti kutoka Mji Mkongwe, mtoto anaingia majini kwa miguu yake akitokea mchangani, akichoka anakwenda kuwatazama kobe wakubwa. Chumbe ni ghali, sikatai, lakini mwamba wake unalindwa tangu miaka ya 90 na boti hazigombanii wageni. Popote uendapo, usilipe hotelini wala kwa mtu aliyekufuata ufukweni. Nenda jioni ukaione boti yenyewe, sanduku lifunguliwe mbele yako, mtoto avalishwe jaketi umvute mabegani. Likimtoka, ondoka.

Na Kamisheni ya Utalii pamoja na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, wekeni mtu ufukweni saa mbili asubuhi afungue yale masanduku boti hazijang'oa nanga. Isiyo na majaketi ya watoto isipakie mtoto, basi.

Mliokwenda na watoto wadogo, andikeni hapa hapa hadharani: mlipandia wapi, mwezi gani, na majaketi ya watoto mliyaona kwa macho yenu au mliambiwa tu yapo? Na nyie mapapasi mnaoanza kunifuata inbox mkinipa punguzo la safari ijayo, leteni kwanza picha ya hilo sanduku likiwa wazi.