Ushuru wa gari kwa cc: watu wa milima tunaonewa ama?

Mleta mada (Nakuru)
Wadau nataka tuongee hii kitu bila matusi. Sheria ya fedha ya 2019 iliweka ushuru wa bidhaa wa gari kwa cc, yaani ukubwa wa injini, kutoka 1500 kushuka ni asilimia 20, ukipita hapo ni 25, na ukiingia petroli ya juu ya 3000 ama dizeli ya juu ya 2500 ni 35. Sisi wa mfuko mwembamba tukakimbilia vigari. Mimi nikachukua ka cc elfu moja, silinda tatu, otomatiki, na hapa mjini sina neno, Section 58 mpaka soko hata nasahau petroli ni bei gani.

Sasa mwezi uliopita tukaenda kwa wakwe Burnt Forest, mimi, mama watoto, watoto wawili, godoro juu ya kariya na bandali mbili za unga kwa buti. Tulipopita Salgaa kuanza kupanda nikazima AC, madirisha wazi, mguu umegusa karpeti, injini inalia kama mashine ya posho, na sindano imekwama 40. Nyuma kuna trela linaniwashia mataa, TRELA, na lina mzigo. Mtoto ananiuliza baba kwani tunasukumwa?

Hoja yangu ni moja, cc ni ukubwa wa tumbo. Kinachopandisha gari mlima ni toki, ule msukumo wa kuzungusha krenki, na hospawa ni toki hiyo hiyo ukiizidisha kwa kasi ya mizunguko. Halafu hewa ya huku juu ni nyembamba, injini isiyo na tabo, ile feni ya kusukumia injini hewa, inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000, na Timboroa iko zaidi ya mita 2,700, kwa hivyo karibu robo ya nguvu niliyonunua imebaki bandarini Mombasa. Mtu wa pwani na mtu wa Timboroa wanalipa sawa kwa injini moja lakini hawapati injini moja. Si watoze kwa thamani ya gari basi?

Wa Kondele
Thamani? Omera umesahau 2024? Walileta kodi ya gari ya asilimia 2.5 ya thamani kila mwaka, isipungue 5,000 isizidi laki moja, si tuliikataa na mswada wote ukaanguka. Usirudishe huyo nyoka ndani ya nyumba.

Na pia wewe ndio uko na shida, sio cc. Hizo injini ndogo za petroli toki yake yote iko huko juu, mizunguko 3,600, 4,000 hivi kwa dakika. Lazima ilie ndio ivute, imeundwa hivyo. Wakenya wakisikia injini inalia wanadhani inakufa, wanaachilia mguu, inazama kabisa. Mimi mlima wa Riat napanda kila siku kutoka Mamboleo na ka 1300 manyuo, gia ya pili mapema kabla kona, naiacha ilie, napita. Ukiteremka Ahero huku ni meza tupu, hizo toki zako nitazipeleka wapi yawa, nikalimie mchele?

Fundi Kakamega
Mwanzisha mada uko sawa nusu. Wacha niwape stori kidogo juu watu wanadhani injini hutoka kichwani mwa injinia peke yake. Nyingine hutoka kwa mtu wa ushuru.

Uingereza kutoka 1921 walitoza gari pauni moja kwa kila hospawa kwa mwaka, lakini hiyo hospawa hawakuipima, waliikisia kwa hesabu ya upana wa silinda na idadi ya silinda. Urefu wa safari ya pistoni haukuhesabiwa. Sasa injinia ni mjinga? Akafanya silinda nyembamba ndefu kama mwanzi. Pistoni inasafiri mbali, kwa hivyo huwezi kuizungusha haraka sana, lakini huku chini inavuta polepole bila haraka. Dereva wa huko akazoea kuweka gia ya juu na kuiacha hapo. Hiyo kodi ilidumu mpaka mwisho wa miaka ya 1940, kizazi kizima kikajifunza kuendesha hivyo kwa sababu ya karatasi ya ushuru. Japani nao wana vile vigari vya kei, mwisho 660cc, na ndio wakavibandika tabo mpaka wakakubaliana wenyewe wasipite hospawa 64.

Yetu ni ile ile. Angalieni logibuku zenu, 1496, 1498, si bahati hizo, Japani pia wanatoza kwa cc. Sasa weka Demio ya dizeli 1498cc kando ya Probox ya petroli 1496cc. Ya dizeli ina tabo, inatoa toki ya Nm 250 kuanzia mizunguko 1,500. Ya petroli ni kama Nm 140 na uitafute juu ya 4,000. Huku Maragoli kwa zile kona hizo ni dunia mbili, na kwa cc zote ni asilimia 20. Mtu wa mlima hajaonewa, hajapiga hesabu tu. Lakini ukichukua dizeli ya kisasa usiwe mtu wa kwenda duka na kurudi, ile filta ya moshi inataka safari ndefu ipate moto ichome masizi, la sivyo utanilipia karo ya watoto.

Mkulima Kitale
Mnaongea tu vigari. Mimi nabeba mahindi. Pikapu ya dizeli ya 2800 ni chombo cha kazi na inapigwa 25, kuzidi vigari vyenu vya mjini. Hapo ndio pa kulilia.

Dere wa lori, miaka 22
Vijana mnabishana kupanda. Kupanda hakujaua mtu, ukishindwa unasimama, tanboi anaruka na jiwe anaweka nyuma ya tairi, mnapumua. Niulizeni kushuka.

Petroli ukiachilia mguu inajishika yenyewe kwa sababu mlango wa hewa umefungwa, pistoni inavuta hewa haipati. Dizeli haina huo mlango, ndio lori likawekewa eksosti breki, ya kuziba njia ya moshi ili injini ishike, na ikiharibika mwenye gari anakuambia enda hivyo hivyo utatengeneza ukirudi. Hapo juu ya Salgaa nimeona mtu anashuka frii, gia imetolewa, na tani 28 ati anaokoa dizeli. Kwanza unasikia harufu, kama nywele zimeungua, halafu moshi mweupe kwa habu, halafu unaona anapiga hewa kwa kanyagio na hakuna kitu. Kila nikipita Londiani Junction nakumbuka Juni 30, 2023, lori lilipoua watu zaidi ya 50. Toki unayoililia ukipanda ndiyo unaitupa ukiweka frii. Na wenye otomatiki, ile B ama L chini ya D, ya kushikilia gari kwenye mteremko, mnadhani ni ya kupamba?

Mleta mada (Nakuru)
Mzee nimekusikia. Nakiri na mimi hushuka frii, nilikuwa najua inaokoa.

Fundi Kakamega
Haiokoi. Gari la EFI, lile la kupimiwa petroli na kompyuta, ukiwa ndani ya gia na umeachilia mguu linakata petroli kabisa. Ukiweka frii linachoma kidogo ili lisizimike. Unalipia kujihatarisha.

Alafu mkubwa, mwendo wa 40 na watu wanne bado ni kidogo hata kwa elfu moja. Ea klina, filta ya hewa, ulifungua lini?

Mleta mada (Nakuru)
Nimefungua sai hapa kwa parking. Vumbi nyekundu mpaka haipitishi mwanga, na nyasi kavu, nadhani panya alikuwa anajenga. Nimepata nyingine kwa mia sita. Jumamosi narudi Burnt Forest kuchukua godoro nitawaambia, lakini ushuru bado sikubali.