Tupeane uzoefu: kuishi kwa chaneli ukiwa Unguja au Pemba

Mwanamwambao
Assalaam alaykum. Nimefungua mada hii baada ya kumsikia kijana pale Darajani akimshawishi mwenzake aache kazi ya hoteli kwa kuwa, kwa maneno yake, YouTube inamlipa kila mwenye wafuatiliaji 1,000. Idadi hiyo peke yake haitoshi. Ili kupata sehemu ya fedha za matangazo unatakiwa pia uwe na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi ziwe zimetazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukishakubaliwa, unachukua asilimia 55 ya mapato ya matangazo katika video ndefu na asilimia 45 katika fupi, wala hutumiwi kitu mpaka salio lifike dola 100. Hayo yote yameandikwa na yanasomeka. Ninachokitafuta ni kile kisichoandikwa: mtu wa Konde au Makunduchi anawapata vipi watazamaji, na fedha zinamfikia vipi mkononi? Waliopita njia hiyo watueleze.

Mpishi wa Wete
Waalaykum salaam, kaka. Mimi napika, na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba watazamaji wangu hawako Wete. Wako Muscat, Dubai na London: watu walioondoka hapa wadogo, wanaokumbuka ladha ya mkate wa kumimina lakini hawakuwahi kusimama jikoni kuona mchele unavyolowekwa usiku kucha, ukasagwa kwa tui, kisha ukaachwa uumuke. Wanauliza mchele gani wa huko waliko unafaa, na tui la kopo liongezwe maji kiasi gani, nami namjibu kila mmoja kwa kipimo, kwa sababu anayejibiwa hurudi na huja na dada zake. Mapishi ya futari nayaweka tangu Shaaban, kwani Ramadhani ikishaingia watu wameshachagua wanayemfuata. Mtangazaji hulipia zaidi kumfikia mtazamaji wa Uingereza kuliko wa hapa kwetu, kwa hiyo watu wachache wa ughaibuni wanaweza kukuingizia zaidi ya umati wa nyumbani. Msisahau fomu ya kodi ya Marekani. Usipoijaza, unaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yako yote, ilhali ukiijaza makato yanahusu fungu linalotokana na watazamaji wa Marekani tu.

Fundi Kamera
Namheshimu dada yangu wa Wete, lakini matangazo hayamlishi mtu mwenye familia. Mimi ninaishi kwa kupiga picha za harusi, na chaneli ni kibao changu cha dukani. Anayeishi nje anaona kazi yangu, kisha ananipigia simu harusi ya mdogo wake inapokaribia. Tena video za harusi zina taarabu ndani yake, na mfumo wa YouTube ukiutambua wimbo, mwenye wimbo anaweza kuyachukua mapato yote ya video hiyo. Vijana wanachanganya mambo mawili hapa: dai la namna hiyo halifungi chaneli, bali maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 ndiyo yanayoifunga.

Mkaazi wa Micheweni
Kuhusu fedha kufika mkononi, kwangu taabu ilikuwa barua. Salio likifika dola 10, Google hutuma kwa posta karatasi yenye namba ya kuthibitisha anwani, na usipoiingiza ndani ya miezi minne matangazo yanasimamishwa. Nyumba yetu wakati huo ilijulikana kwa jina la babu na mwembe ulio mbele yake, basi. Barua ya kwanza haikuonekana, wala ya pili. Nilikuwa nikipanda gari mpaka Chake Chake kuuliza posta, narudi mikono mitupu, huku siku zikihesabika na video zangu zinatazamwa. Hatimaye nilimwomba mwalimu mkuu wa skuli yetu ruhusa ya kutumia sanduku la posta la skuli, na barua ikaja. Tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 mambo ni mepesi zaidi, lakini bado nawashauri mtumie sanduku la mtu mnayemwamini.

Mpishi wa Wete
Haya ya barua ni kweli tupu.

Bint Mkoani
Nilikuwa nasoma tu, ila neno la kutumia cha mtu unayemwamini limenigusa, na sina budi kusema.

Bibi yangu anasuka. Mtoto wa ami yangu alifungua chaneli kwa barua pepe yake, akawa anamrekodi bibi tangu kuchemsha ukindu kwa rangi, kusuka ukili, mpaka kushona mkeka. Watu walimpenda kwa sauti yake na kwa subira ya mikono yake, na maagizo ya mikeka na makawa yakawa yanakuja kutoka Oman. Bibi alisuka, mimi nilifunga mizigo, na kijana akishughulika na simu. Kisha wazee wakagombana kwa jambo la shamba lisilohusiana kabisa na mikeka, na kijana akabadilisha neno la siri. Chini ya kila video iliondolewa namba yangu, ikawekwa yake.

Tulilijua hilo siku mwanamke mmoja wa Muscat aliposhuka kwenye boti pale bandarini na kuulizia mpaka akafika mlangoni kwetu. Alikuja kuchukua mikeka ya harusi ya binti yake, naye alikwisha kulipa. Alituonyesha ujumbe wa malipo, na namba haikuwa yetu. Bibi hakumbishia. Aliingia ndani akatoa mikeka aliyokuwa ameniwekea mimi kwa harusi yangu, akampa mgeni, akamwandalia na chai. Baada yake walikuja wengine kwa simu, wakimwita bibi mwizi, na hao hatukuwa na mikeka ya kuwapa. Mpaka leo sura ya bibi iko kule inauza, na yeye hapati hata shilingi.

Mwanamwambao
Pole sana, mwanangu. Mpe bibi salamu zetu.

Fundi Kamera
Pole, lakini haki isemwe. Kijana ndiye aliyeshika kamera, akahariri, akanunua bando la kupakia. Fedha za waagizaji ni wizi, na sizitetei. Chaneli yenyewe ina jasho lake.

Mpishi wa Wete
Jasho gani? Mtaji wa video zile ni mikono ya bibi! Mwondoe bibi, kamera itarekodi nini?

Fundi Kamera
Na mwondoe mpiga picha, huyo mama wa Muscat angemjuaje bibi? Nyinyi wapishi mnaona kazi yetu ni kubonyeza kitufe. Mimi nimekesha nikihariri harusi za watu wasiokumbuka hata kunitaja jina.

Mkaazi wa Micheweni
Ndugu zangu, mnagombana na bibi anaendelea kuibiwa. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ipo tangu mwaka 2003. Bint Mkoani, nenda COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, na ushahidi wa malipo mkononi.

Mwenye Mashua
Usianze na ofisi, anza na sheha na wazee wa pande zote mbili, na sinia la pilau katikati. Kijana wa Kipemba hawezi kumkatalia bibi yake mbele ya watu huku anakula.

Mpishi wa Wete
Alimkatalia bibi bila watu, atamwogopa kwa pilau? Polisi kwanza, kwa zile fedha za waagizaji.

Mwanamwambao
Kwa wengine wenye chaneli za ushirika: chaneli ikiwa kwenye Akaunti ya Chapa (Brand Account), mmiliki anaweza kuongeza mmiliki mwingine, na baada ya siku 7 huyo wa pili anaweza kufanywa mmiliki mkuu. Lifanyeni mkiwa bado mnacheka pamoja, na mgawo wa fedha muuandike kwenye karatasi mbele ya shahidi.

Bint Mkoani
Nashukuru kwa wote, hata kwa Fundi Kamera, kwani kijana kweli alifanya kazi, na bibi mwenyewe anataka alipwe fungu lake. Wazee wanakaa Ijumaa baada ya sala. Wakati huohuo nimefungua chaneli mpya kwa barua pepe ya bibi, na yule mama wa Muscat ameisambaza katika makundi yao ya simu. Jana bibi amesuka kawa mbele ya kamera. Mkaazi wa Micheweni, je, sanduku la posta la skuli linakubalika hata kama jina la kwenye chaneli si la skuli?

Mkaazi wa Micheweni
Linakubalika. Andika jina kamili la bibi kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, kisha jina la skuli na namba ya sanduku. Mwambie na karani wa skuli mapema, asije akairudisha barua.